Gurudumu la Mbele Linapolia

Gurudumu la mbele la kwodi likianza kulia, anayewahi kufika ni mtu mwenye kopo la mafuta ya kupulizia. Atapuliza kwenye habu, atapuliza kwenye mikono ya sapenshani, atapuliza popote palipo na kutu, na mlio utanyamaza. Kesho yake kwodi inateremka kilima imebeba mgeni, breki inabanwa, na upande mmoja haushiki, kwa sababu mafuta yameshalowanisha pedi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote jingine naomba kopo liwekwe chini. Mlio ndio ushahidi tulio nao. Ukifutwa kabla haujasikilizwa, fundi hubaki akibahatisha kwa pesa za mwenye chombo.

Kwodi ni pikipiki ya magurudumu manne, yenye mpini badala ya usukani na tairi pana za upepo mdogo. Utaziona Diani na Unguja kwenye njia za mchanga wa matumbawe, utaziona Jinja kwenye udongo mwekundu kando ya Nile, na jamaa zetu walioko Oman wanazikuta kwenye vilima vya mchanga vya Bidiyah. Kila mahali pana ugonjwa wake. Pwani ni chumvi, Jinja ni tope linalokauka ndani ya breki, jangwani ni vumbi jembamba linalopenya hata kwenye sili nzima.

Zikiharibika, mara nyingi hupelekwa kwa fundi wa bodaboda, na hilo si kosa. Fundi huyo anaijua breki ya diski, anaijua beringi, na mkono wake ni mwepesi. Ila gurudumu la mbele la bodaboda limepitishwa ekseli moja iliyonyooka kati ya miguu miwili ya shokapu. Likilia, watuhumiwa ni breki, beringi na kijigia cha kebo ya spidi, basi. La kwodi ni habari nyingine. Hata mashine hizi zenyewe hazikuanza hivyo: Honda ilitoa yake ya kwanza mwaka 1970 ikiwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Mwaka 1982 Suzuki ikaleta QuadRunner LT125 yenye manne. Palipokuwa na gurudumu moja la kuongoza pakawa na mawili, kila moja limesimama peke yake pembeni, na katika kwodi nyingi za leo limeshikwa na mkono wa juu na mkono wa chini, boljointi kwenye ncha za mikono, bushi kwenye mizizi yake, na tairodi ya kuligeuza. Kama kwodi inavuta magurudumu yote manne, ongeza shafti na sivi-jointi mbili zenye buti za mpira. Vyote hivyo vinaweza kulia, na vyote vimesongamana ndani ya nafasi isiyozidi urefu wa mkono. Ndiyo maana dereva aliyekaa katikati hukosea mara kwa mara hata kusema ni upande gani, maana sauti husafiri ndani ya fremu na kutokea penginepo.

Tuelewe kwanza kinacholia. Chuma kikavu hakitelezi juu ya chuma kingine moja kwa moja. Kinanata, kinavutwa, kinaachia, kinanata tena, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Ndivyo upinde wa zeze unavyoutoa wimbo kwenye uzi, na ndiyo sababu mpiga zeze huupaka upinde wake utomvu wa mti: anataka unate. Breki inayolia inatetemeka zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi ya 10,000, ndiyo maana inachoma masikio. Bushi kavu ya mkono wa sapenshani, ambayo inazunguka nyuzi chache tu kila gurudumu linapopanda na kushuka, hutoa sauti nzito ya kukwaruza, ya mlango mbovu. Beringi inayoanza kufa huwa na ukelele mwembamba mwanzoni, kisha hushuka hadi kwenye mngurumo. Hapo wengi hudanganyika: wanaona ukelele umeisha, wanadhani imepona. Grisi imekwisha na njia za gololi zimeshachimbika.

Muulize dereva, na usikubali jibu la "inalia tu." Inalia ikiwa imesimama na mtu anairusharusha mbele kwa uzito wake? Kama ndiyo, gurudumu halina kesi, hata halijazunguka; nenda kwenye bushi, boljointi na macho ya shokapu. Inalia ikinyooka, au kwenye kona tu? Ukigusa breki kidogo, bila kusimama, mlio unabadilika? Ilianza baada ya kuoshwa, baada ya kuvuka maji, au baada ya fundi mwingine kuishika? Swali hili la mwisho watu huona aibu kuliuliza. Mimi naliweka mbele, kwa sababu gurudumu lililofunguliwa juzi lina historia fupi ya kuchunguza.

Kisha pata chaki. Tairi la mbele la kwodi nyingi za kazi limeandikwa 25x8-12, maana yake urefu wa inchi 25, upana wa inchi 8, rimu ya inchi 12. Inchi 25 ni sentimita 63.5, kwa hiyo mzunguko mmoja wa tairi ni karibu mita 2. Piga mstari wa chaki ubavuni mwa tairi, mwenzako aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, nawe utembee pembeni ukiangalia mstari. Gurudumu litamaliza mzunguko kila sekunde moja na nusu hivi. Kama mlio unakuja kila mstari unapofika mahali palepale, kuna kitu kimoja kinachogusana na kitu kingine mara moja kwa mzunguko: diski iliyopinda, ukingo wa kinga ya vumbi, rimu iliyobonyea. Kama ni mlio usiokatika unaopanda na mwendo, fikiria pedi iliyonata au sili kavu. Kama unakuja mara tatu au nne kwa kila mzunguko wa tairi, acha gurudumu, angalia shafti inayoingia kwenye difu ya mbele, kwa sababu yenyewe huzunguka kasi zaidi ya gurudumu. Jaribio hili halina gharama yoyote na sijui kwa nini halifanywi kila gereji.

Sasa inua. Kwodi iwe juu ya ardhi ngumu, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa magogo, jeki chini ya fremu na stendi imara pembeni yake, gia huru, injini imezimwa. Kabla ya kushika spana, mulika tochi ndani ya rimu. Kwa kuwa rimu ni ndogo, kalipa ya breki imejificha ndani yake na nafasi iliyobaki ni nyembamba. Kokoto moja ikikwama hapo italia kwa ukali wa kumfanya mwenye kwodi aamini injini imepasuka. Tope lililokauka hufanya vivyo hivyo. Itoe kwa kijiti, zungusha gurudumu, sikiliza. Wapo wateja ambao kazi yao iliishia hapo.

Kama haikuishia hapo, mwagia diski maji safi, ikiwa imepoa kabisa, halafu zungusha. Mlio ukinyamaza kwa muda na kurudi maji yanapokauka, umeshajua unatoka kwenye breki, na hukuharibu kitu. Hii ndiyo kazi ambayo watu huipa mafuta. Maji yanatoa jibu lilelile kisha yanakauka.

Breki za diski zimekuwa zikilia tangu zilipozaliwa. Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham, alisajili hataza yake mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, zikibana diski ya chuma, na kelele zake hazikuvumilika. Mwingereza mwingine, Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, alipata dawa mwaka 1907 kwa kuzivisha asbestosi. Kelele zilipungua na pedi zikadumu. Baadaye ikafahamika kwamba vumbi la asbestosi husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Lakini pedi ya bei ya chini iliyokuja bila maelezo huwezi kujua imechanganywa na nini. Nawaomba vijana wa gereji, msipulize vumbi la breki kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Ukizitoa pedi, ziangalie kwa zamu. Zikiwa zimebaki nyembamba sana (watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na milimita 1 ya utando), hakuna mjadala. Uso ukiwa mlaini na unang'aa, joto limeugandisha. Ukiusugua juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo au bamba lililonyooka, unaweza kurudi kazini. Ukiwa na doa jeusi la mafuta, tupa. Najua kuna mafundi wanaoichoma pedi kwa petroli ili mafuta yatoke. Mafuta yaliyoingia ndani hayatoki yote, na gundi inayoshika utando kwenye chuma inaungua. Pedi ya namna hiyo ikibanduka mteremkoni hakuna atakayekumbuka bei yake.

Pedi moja imeisha na mwenzake bado nene? Hapo ugonjwa uko kwenye kalipa. Katika kwodi nyingi kalipa huelea juu ya pini mbili zenye vibuti vya mpira, na inapaswa kusogea kwa mkono. Pwani, chumvi na mchanga wa matumbawe hupita kwenye kibuti kilichochanika na kuigandisha pini. Kalipa ikishindwa kurudi, pedi ya upande mmoja inalalia diski saa zote. Ing'arishe pini, badilisha kibuti, paka grisi ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha ule mpira, na baada ya wiki chache umerudi ulipoanzia.

Pistoni nayo hurudishwa na kitu kidogo ambacho wengi hawakijui. Hakuna springi ndani yake. Kuna pete ya mpira yenye mkato wa mraba, ambayo breki ikibanwa inajikunja pamoja na pistoni, na breki ikiachiwa inajinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Nafasi hiyo ndogo ndiyo tofauti kati ya gurudumu huru na gurudumu linalolia. Mtu akijaza mafuta ya injini au ya haidroliki kwenye masta silinda iliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye kifuniko, pete zote zitavimba, na breki itaanza kukaba yenyewe. Soma kifuniko.

Sasa beringi, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa sababu mwisho wake ni gurudumu kutoka. Shika tairi juu na chini, tikisa. Kama linacheza, usiagize beringi bado. Mwambie mwenzako abane breki ya mbele, kisha tikisa tena. Breki ikibanwa, habu inafungwa pamoja na kile chuma kinachoibeba, kwa hiyo kama mchezo umetoweka ulikuwa wa beringi. Kama umebaki palepale, ni boljointi. Halafu shika kushoto na kulia. Mchezo unaoonekana huko peke yake kwa kawaida ni wa tairodi endi. Mwisho zungusha gurudumu huku kiganja chako kimeshika koili ya shokapu, vidole mbali na tairi. Beringi iliyochimbika utaihisi mkononi, mkwaruzo mdogo unaopanda kwenye chuma, hata kabla sikio halijaisikia.

Nilikuta kesi moja Diani inayoonyesha jinsi sehemu hizi zinavyosingiziana. Kijana anayeongoza wageni alileta kwodi kwa fundi, mzee wa makamo anayefanya kazi chini ya mkwaju.

"Fundi, inalia mbele kulia, lakini nikikata kushoto tu. Pedi ni mpya, nimebadilisha na bado."

"Ukigusa breki?"

"Inanyamaza."

"Na baada ya kona, ukivuta breki mara ya kwanza, mkono unaingia hadi ndani?"

Kijana akamtazama. "Enhe! Mara ya pili ndiyo inashika. Umejuaje?"

Mzee hakuwa ameigusa kwodi bado. Ukikata kona ya kushoto, uzito unaegemea gurudumu la kulia na ardhi inalisukuma tairi kutoka pembeni. Beringi ikiwa na mchezo, habu inalala, na diski iliyofungwa kwenye habu inalala nayo. Inakwaruza pedi, hapo inalia, na papo hapo inazisukuma pedi na pistoni nyuma zaidi ya kawaida. Dereva akivuta breki, mvuto wa kwanza wote unatumika kuzirudisha pedi mahali pake. Kwa hiyo breki ndiyo iliyokuwa ikilia, na beringi ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Pedi mpya hazikuwa na kosa lolote, na zingebadilishwa tena na tena. Habu ilipofunguliwa, grisi ilitoka imegeuka uji wa rangi ya kutu. Kijana akakiri kwamba kila jioni waliziosha kwa mashine ya maji ya presha, na mdomo wake waliuelekeza katikati ya gurudumu, maana ndiko tope linakoshika. Sili imetengenezwa kuzuia maji ya dimbwi. Haiwezi kuzuia maji yanayorushwa kwa nguvu ya kubandua rangi. Mpira wa kawaida wa maji na brashi vinatosha.

Beringi usinunue kwa jina la kwodi kabla hujaisoma. Pembeni ya pete yake kuna namba, na katika beringi za gololi za safu moja zinazoanza na 62 au 63, tarakimu mbili za mwisho zinakuambia tundu. Kuanzia 04 na kuendelea, zidisha kwa 5: 6204 ina tundu la milimita 20, 6205 ina 25. Chini ya hapo kuna mpangilio wake, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Beringi ya 6204 ina kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa 14, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China. Herufi zinazofuata zina maana pia. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni sili za mpira pande zote mbili. Kwa mchanga na maji ya kwetu, chukua 2RS. Mwenye kujua namba hizi anaweza kuingia duka lolote la spea za bodaboda au la mashine za kusaga na kutoka na beringi sahihi, badala ya kungoja kifurushi kutoka nje kwa wiki tatu. Kwodi kubwa zenye mvuto wa mbele nyingi zina beringi moja pana ya safu mbili, na hiyo mara nyingi ni ya kuagiza kweli.

Kwodi ndogo za michezo huwa na beringi mbili kwa kila habu, na kati yake bomba fupi la chuma, spesa. Bomba hilo ndilo linaloshika pete za ndani zisibanane. Likisahaulika benchini, au likirudishwa fupi, nati ya ekseli inapokazwa inazisukuma pete za ndani kuelekeana, gololi zinabanwa ubavuni, na beringi mpya inalia siku ileile. Fundi ataapa kwamba alinunua beringi feki. Zipo feki, lakini kwanza atafute spesa.

Na inapoingizwa, pigo liangukie pete ya nje peke yake, kwa soketi yenye kipenyo cha pete hiyo au kwa pete ya beringi kuukuu. Ukipiga ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi, kila gololi inaacha kijishimo kwenye njia yake, na umeifunga ikiwa mbovu tayari. Beringi iliyolazwa kwenye friza na habu iliyowekwa juani saa moja hukutana bila nyundo kubwa.

Boljointi na bushi hazinichukui muda mrefu. Mwaga maji kwenye bushi moja baada ya nyingine huku mwenzako akirusharusha sehemu ya mbele. Itakayobadilisha sauti ndiyo yako. Zenye nipo ya grisi zipewe grisi. Boljointi iliyochanika kibuti ibadilishwe hata kama haichezi bado, kwa kuwa mchanga umeshaingia. Sivi-jointi haina kawaida ya kulia, hutoa sauti ya kugongagonga mpini ukiwa umekatwa mwisho, na ukiona grisi imerushwa duara ndani ya rimu, buti yake imepasuka.

Wakati wa kufunga, kaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu cha kwodi hiyo, na weka kotapini mpya. Ya zamani ikinyooshwa na kukunjwa tena imeshachoka. Vuta breki mara kadhaa kwodi ikiwa imesimama ili pedi zisogee, kisha iendeshe kilomita chache kwenye njia iliyonyooka ukitumia breki kidogo sana, simama, na sogeza mgongo wa mkono karibu na habu zote mbili za mbele kabla ya kugusa. Zote zitakuwa na uvuguvugu. Ikiwa moja ni ya moto na mwenzake ni ya kawaida, breki ya upande huo bado inakaba, rudi kwenye pini za kalipa. Zikilingana, kaza tena nati za rimu, kwa sababu rimu iliyofunguliwa huwa inakaa vizuri baada ya safari ya kwanza, na ndipo umpe mgeni ufunguo.